Nyumba Iliyoliwa na Mshono

Alhamisi, 6 Machi 2025

—basi nilikuwa wapi? Eeh, kwa Kirezi na viatu vyake. Jana gesi iliisha nikiwa katikati ya neno, nikakimbilia makaa, nikasahau. Ni hivi: Kirezi wa kazini ana viatu vya kisigino anavyovaa wageni wakija, na vya chini vya kukaa navyo. Jana wageni wakaingia ghafla, yeye akatoka na kimoja cha juu na kimoja cha chini! Binti wa watu, na digrii zake mbili, anachechemea kama bata. Nimecheka mpaka chai imemwagika kwenye sinia.

Siku zingine hii ingekuwa imeshafika mtaani kwetu Rwezamenyo kabla yangu. Lakini jana ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kwenye kitubio padri ameniuliza: Illuminée, pombe hunywi, nyama unaila Noeli, sasa Kwaresima unaacha nini? Akasema, acha kubeba maneno. Usitoe neno mlango huu ukalipeleka mlango ule, mpaka Pasaka. Yewe! Siku arobaini! Nikasema ndiyo padri. Ningesemaje?

Ndiyo sababu ya hili daftari. Maneno lazima yatoke mahali, la sivyo nitapasuka. Naandika Kiswahili cha Buyenzi, Bujumbura, kule nilikokulia. Achille na Belyse wanakisikia vizuri, lakini kukisoma wanachoka mstari wa pili. Kwa hiyo niko salama na watoto wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kazi nyingi. Wale wa senta, ofisi ya ramani ninakosafisha na kupika chai, wamekaa mbele ya ukuta tangu asubuhi.

Ukuta wenyewe: ekrani ishirini na nne, kama televisheni kubwa zimepangwa, sita kwa upana, nne kwenda juu. Zote zinaonyesha picha moja tu. Wageni wakiingia wanasema waaa. Mimi nasema kila moja inashika alama za vidole. Nafuta kwa kitambaa kikavu, maji marufuku. (Mara ya kwanza nilikuja na ndoo na sabuni, Kamanzi alipiga kelele kama nimemmwagia mtoto wake.) Kamanzi ndiye shefu, mkubwa wao. Kakulia Uganda, Kiswahili chake kinatembea kwa magoti, lakini roho nzuri.

Picha ya wiki hii ni Kimisagara, ule mtaa wa mlimani, imepigwa kutoka juu na droni. Kila bati unaliona. Nyumba moja ni kama ukucha wa kidole gumba. Kompyuta imepaka nyekundu pale ambapo udongo umechoka, mvua kubwa ikija unaweza kuteremka. Lakini kompyuta haijui hii ni nyumba ya watu, hii choo, hii banda la mbuzi. Hapo ndipo wanakaa kwa macho. Kila mmoja na tablet yake, inayoonyesha kilekile kilichoko ukutani, akiona nyumba ya watu ndani ya nyekundu anaigusa, inapata nukta. Wenye nukta wataondolewa, watapelekwa Masaka, kule mbali nje ya mji, kwenye nyumba mpya.

Kamanzi kawagawia nguzo, yaani zile safu sita za ekrani kutoka juu mpaka chini. Yeye ya kwanza na ya pili. Kirezi ya tatu na ya nne. Mzee Silvère, yule wa mambo ya maji, ya tano na ya sita. Akawaambia: kila mtu avune shamba lake! Maana mwaka jana kwenye kilima kingine waligusa nyumba zilezile mara mbili, orodha ikatoka na watu ambao hawako, wakachekwa. Sasa kila mtu macho mbele. Kirezi akichungulia tu nguzo ya pili, Kamanzi anamwambia, heee, mwizi wa mihogo!

Mimi nimepeleka chai mara tatu. Silvère anaweka sukari nne. Hiyo si umbeya, hiyo ni hesabu ya jikoni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda kwa Liliane kupima gauni la Pasaka. Liliane ni mtu wangu tangu Buyenzi, tulikuwa tunagombania kamba moja ya kuruka. Sasa anashona Kimisagara, pale kwenye ngazi ndefu, juu kidogo ya duka la Ilyasi. Vyumba viwili: mbele cherehani, nyuma analala yeye na mama yake. Bibi hatembei tena tangu mwaka juzi, lakini ulimi bado unakimbia. Kaniona tu kaanza: Illuminée umenenepa, nani anakulisha? Nikasema Serikali. Kacheka.

Kitenge changu kina tausi wakubwa. Liliane kakata, kapima, kakuna kichwa.

— Haitoshi.

— Haitoshi vipi, mita sita!

— Mshono unakula, mama. Huyu tausi hapa ubavuni lazima aliwe, ndiyo wenzake wakutane sawa. Ukitaka maua yakutane, mshono lazima umpe chakula chake.

— Basi mpe mwingine, huyu ndiye mzuri.

— Wewe ungepunguza kiuno, nisingemla hata mmoja.

Tumecheka. Nilikuwa na habari ya Kirezi na viatu hapa, hapa kwenye meno. Nikafunga mdomo. Liliane kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 12 Machi

Watu wa Serikali wamepita Kimisagara na karatasi za njano. Ukiwa kwenye orodha, karatasi inabandikwa mlangoni. Liliane kanipigia saa ya chakula, anapiga kelele za furaha. Ilyasi kabandikiwa. Wale wa juu ya ngazi, ng'ambo, wote wamebandikiwa. Yeye hapana! Wamepita mbele ya mlango wake, wametazama tablet, wameendelea. Anasema ni novena ya mama yake, zile sala za siku tisa.

Masikini Ilyasi, na mfungo huu wa Ramadhani, kakaa tu mbele ya duka anaitazama karatasi. Kasema, Masaka mimi nitamuuzia nani, ng'ombe?

Liliane anaogopa hilohilo. Wateja wake ni wa miguu. Mtu hapandi moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Masaka kupunguza sketi.

Nimemwambia hongera. Nimefurahi kweli. Lakini kuna kitu kimenikaa, kama mwiba wa dagaa. Ilyasi yuko chini yake hatua kumi. Wale wa ngazi wako juu yake hatua kumi. Udongo unachagua?

Ijumaa, 14 Machi

Nimejua.

Asubuhi niko peke yangu na kitambaa changu. Picha ya Kimisagara bado iko pale. Nikasema leo nimtafute Liliane, nimfute vumbi kwenye bati lake. Nikaanza kwa Ilyasi, bati la buluu, liko ukingoni mwa ekrani ya nguzo ya pili, nukta juu yake. Nikapanda. Naona ngazi na lile chuma la kushikia, liko nguzo ya tatu, mwanzoni kabisa. Na katikati? Katikati kuna fremu. Ekrani zetu si mpya sana, fremu yake na ya mwenzake zikikaa pamoja ni vidole viwili, nyeusi. Liliane hayuko kushoto, hayuko kulia.

Nikaweka shavu ukutani nichungulie nyuma ya fremu. Mjinga mimi! Kama vile yuko pale nyuma anashona.

Kirezi kaingia, kanikuta nimelala juu ya Kimisagara. Mama Achille, unafanya nini? Nikasema, nasikiliza kama inapiga kelele. Sikudanganya sana.

Nikamuuliza kiujanja: hii picha inakatika hapa? Kasema hapana, haikatiki, inapita nyuma. Kama unatazama nje kwenye dirisha lenye nondo, mtu anayepita nyuma ya nondo hajafa, humwoni tu. Kasema zamani walikuwa wanaionyesha yote, lakini barabara zilikuwa zinavunjika kwenye kila fremu, ngazi zinaruka, kichwa kinauma. Januari yeye mwenyewe karekebisha ili mistari ikutane. Kafurahi kunieleza, huwa hakuna anayemuuliza.

Ili maua yakutane. Mshono umepewa chakula chake.

Kamanzi anaishia fremu, nyumba iliyoko pale ni ya Kirezi. Kirezi anaanzia fremu, nyumba iliyoko pale ni ya Kamanzi. Kila mtu kavuna shamba lake.

Nimekunywa chai yangu bila sukari, nimesahau.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nimeenda kwa Liliane. Njiani nimeulizana na nafsi yangu: padri alisema neno la mlango huu kwenda mlango ule. Sasa neno la mlango wa Liliane nikilipeleka kwa Liliane mwenyewe, hiyo ni kubeba? Si kubeba. Ni kurudisha.

Gauni linakuja vizuri. Kwenye ukuta wa nyuma, pale kitandani kwa bibi, Liliane katundika kipande kikubwa cha kitenge. Nikasema maua mazuri haya, nikainua nione upande wa pili.

Ufa. Kutoka chini mpaka karibu na bati. Nimeingiza mkono, umeingia mpaka hapa kwenye saa. Baridi inatoka ndani, na harufu ya udongo.

Liliane kaniangalia. Bibi kasema: huyo ni mpangaji wetu, hana neno, ananipepea usiku.

Nikamwambia Liliane yote. Ukuta wa ekrani, fremu, nguzo, mwizi wa mihogo. Kapiga mguu kwenye cherehani bila kitambaa, trrrr. Kisha kacheka.

— Kumbe ni mimi ndiye tausi.

— Liliane, si mchezo.

— Si mchezo, ndiyo. Unanijua tangu lini? Masaka nitakula nini? Mama atapelekwa kituo cha afya na nani? Hapa vijana wa karakana ya jirani wanambeba na kiti chake, wanaimba. Kule?

— Na mvua?

— Mvua iko Kimisagara tangu hatujazaliwa.

Kanishika mkono, uleule uliokuwa kwenye ufa.

— Umesema umeacha umbeya mpaka Pasaka. Basi acha kweli. Mara moja katika maisha yako, Illuminée.

Nikasema sawa. Imenitoka tu. Sawa.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tangu saa tisa mchana. Choo cha Ilyasi kimeondoka. Kimeteremka chote na mlango wake, kimesimama kwa watu wa chini. Hakuna mtu ndani, namshukuru Mungu. Vijana wanasema choo kimehama kabla ya mwenyewe.

Liliane hapokei simu. Halafu kapokea: niko nashona, unataka nini.

Alhamisi, 20 Machi

Senta wanachekacheka, kazi imeisha. Jumatatu wakubwa wanakuja kuona orodha kwenye ukuta, kisha inatiwa sahihi, imefungwa. Nimeambiwa chai ya watu kumi na tano, na sambusa. Silvère kauliza kama sambusa zitakuwa na nyama, Kwaresima bwana! Mwenyewe Ijumaa nilimwona na brosheti, mishkaki ya mbuzi. Haya, hiyo imenitoka. Lakini ni daftari.

Nimefuta ukuta polepole leo. Nilikuwa nawaza Liliane tu, Liliane, Liliane. Halafu nimesogea nyuma na kitambaa changu mkononi, nikauona wote.

Mishono iko mitano kwenda juu. Na mitatu ya kulala.

Mimi Kimisagara naijua pale kwenye ngazi tu. Nimeipanda kichwani mlango kwa mlango: Ilyasi, halafu Liliane, halafu yule mama wa mandazi, halafu wale wanafunzi wanaopanga, ndipo ngazi na chuma. Milango mitatu haina karatasi. Hiyo ni kipande cha mshono mmoja, urefu wa kiganja changu. Mishono mingine sijui ina nani. Kuna mtu pale ananing'iniza nguo, anafikiri kaponywa na novena.

Liliane kaniambia ninyamaze kwa ajili yake. Wale wengine hawajaniambia kitu.

Nikajaribu kwa Kamanzi. Nimesimama mlangoni na thermos. Kanitazama, kasema: Mama Achille, leo unaniogopesha, mbona huongei? Ndiyo nafasi ile! Nikasema sambusa za nyama au za viazi. Za viazi, kasema. Nikatoka.

Kuongea maisha yangu yote, na siku ya kuongea nimeuliza viazi.

Ijumaa, 21 Machi

Njia ya Msalaba kanisani. Baada yake nimemfuata padri, nikamwuliza: mtu akiwa na neno la mwenzake, na ameapa, lakini hilo neno ni la ukuta unaotaka kuanguka? Padri alikuwa anatafuta funguo za pikipiki. Kasema, Illuminée, umeanza kuzunguka, bado mwezi mzima, vumilia. Kaona natafuta mlango wa kutorokea. Ndivyo ilivyo, ukipiga kelele mwaka mzima, siku ya moto watu wanasema ni yeye tena.

Jumapili, 23 Machi

Liliane kaleta gauni mwenyewe mpaka kwangu, halijaisha mkono mmoja, nijaribu. Tausi wanakutana ubavuni sawasawa, huwezi kujua kuna aliyeliwa. Belyse kasema, mama umependeza!

Hatukuongea yale. Ameongea bei ya nyuzi. Nikamwuliza bibi analala vipi. Kasema wamegeuza kitanda, kichwa sasa kiko mlangoni.

Yaani kakigeuza. Yaani anajua.

Alipoondoka kasema: kesho nakamilisha mkono, nitakupigia uje uchukue. Akashika mlango. Kasema, wewe ni mtu mzuri ukinyamaza. Sijui kama ni sifa.

Jumatatu, 24 Machi

Niko jikoni mwa senta. Chai iko tayari, sambusa za viazi ziko tayari, wakubwa wako njiani, msafara umekwama kwa mvua. Nina dakika.

Nimefika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wote. Nimewasha ukuta — najua kuuwasha, wanafikiri sijui. Kimisagara ikaja, nukta zote.

Kwenye meza ya Kirezi kuna zile karatasi ndogo za kubandika. Za njano. Haki ya Mungu za njano, kama zile za mlangoni. Nimechukua tatu. Sikuandika kitu, mwandiko wangu wanaujua kutoka orodha ya sukari. Nimebandika juu ya fremu, si juu ya ekrani, ekrani nisingethubutu. Moja, mbili, tatu, kutoka bati la Ilyasi kwenda kwenye ngazi. Halafu nimebaki na mkono hewani. Nikarudi nikachukua kitita chote. Nimebandika mishono yote, juu mpaka chini, ile ya kulala pia, kila penye nyekundu pande mbili. Nimepanda kiti. Ukuta umekuwa kama gauni lenye pini.

Sikufungua mdomo. Padri anisamehe, sikufungua mdomo.

Liliane atasema nini, sijui.

Wameingia. Nawasikia. Kamanzi: nani kabandika uchafu kwenye ekrani yangu! Silvère kasema taratibu, si kwenye ekrani, iko kwenye fremu. Kamanzi kasema toeni haraka, wakubwa wako getini.

Visigino vya Kirezi vinasogea ukutani.

Sasa kasema. Kasema: Kamanzi, hapa ni nguzo yako au yangu?

— Yako.

— Nilidhani yako.

Kijiko tu cha Silvère, ting, ting. Kirezi anasema, sogeza picha kulia kidogo. Kidogo tu. Vidole viwili. Silvère kaacha kijiko: heee, kuna bati hapa!

Simu yangu inatetemeka juu ya sinia. Liliane. Mkono wa gauni utakuwa umekamilika. Inatetemeka, vikombe vinagongana. Nikiishika nitamwambia ni

Viatu vinavuliwa huko, nasikia visigino vinaanguka chini. Kirezi yuko mlangoni, miguu mitupu, karatasi ya njano kwenye kidole — Mama Achille, wewe uliyelala juu ya Kimisagara, njoo, acha chai, njoo hapa sasa hivi, nyumba hii ya